Makarai matatu na mipini ya fagio: tulivyofanya siku ya utamaduni wa Kihindi mtaani kwetu Mombasa

Wacha nianze na karai manake ndilo lililotaka kutuvunjia shughuli. Mwaka wa kwanza, saa tisa mchana, uwanja umeshajaa, spika zimeshafungwa, mama wa sambusa yuko pembeni anakaanga na foleni imefika mpaka barabarani. Akaja mama mwengine na bakuli lake la bajia za dengu, akaomba atumie mafuta yale yale. Mimi nikasema tia tu, mafuta si mafuta. Lakini wapi! Yale mafuta yalishakaanga sambusa za nyama, na kwenye foleni mna familia za Kihindu na za Kijain ambazo nyama hazigusi kabisa, tena Wajain wengine hata kiazi na kitunguu hawali kwa sababu ukiking'oa unaua mmea mzima na vidudu vilivyoko kwenye udongo. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekula bajia tangu nina meno mawili, na hayo sikuyajua. Mzee mmoja akaweka sahani yake chini polepole, akawashika wajukuu mkono, akaenda zake. Angenitukana ningepata nafuu.

Mwaka wa pili tukaweka makarai matatu, kila moja na jiko lake na mpishi wake na kijiko chake, la nyama, la mboga, na la mboga bila kitunguu, tukaandika kwa makaa kwenye kadibodi kubwa ili hata asiye na miwani aone. Ndiyo hivyo tu. Na yule mzee alirudi.

Tatizo hasa lilikuwa kwetu sisi waandaaji. Huku pwani tunasema "Mhindi" kama vile ni mtu mmoja. Kikao cha kwanza niliita "jamii ya Wahindi" kwenye grupu la WhatsApp, wakaja watu saba, kila mmoja anadhani wameitwa wale wengine. Sasa hesabu mwenyewe: kuna Mabohora, kuna Ismailia, kuna Wakachi Waislamu na Wakachi Wahindu, kuna Masingasinga, kuna Magoa ambao ni Wakatoliki na majina yao ya Kireno, kuna Mabaluchi wa Makadara ambao wengine wao Kiswahili chao kinashinda changu. Ukisema "tufanye garba", ile ngoma ya duara ya Wagujarati, nusu ya watu umeshawaacha nje.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja jirani yetu, sisi sote tunamuita Ba, Mgujarati aliyezaliwa hapa hapa Mombasa. Nilimuendea kumuomba atufundishe garba tuicheze siku ya shughuli, na nyama choma pembeni, nikajiona nina wazo kali. Akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi, akaniambia, "Mwanangu, garba ni ibada. Ile ni mikesha tisa ya Navratri, tunazunguka taa iliyo ndani ya chungu, ni kwa ajili ya Mama, mungu wetu wa kike. Wewe unaweza kuzunguka Maulidi ukiwa na chupa mkononi?" Nikanyamaza. Halafu akacheka akasema dandia inaweza, dandia ya vijiti watu wanaicheza hata kwa raha zao, lakini tusiitie ndani ya siku zile tisa. Tukakubaliana Jumapili moja katikati, baada ya Dussehra, sikukuu inayofunga mikesha ile tisa, na kabla ya Diwali, sikukuu ya taa, manake hapo katikati pana siku kama 20. Ila ukifanya hivyo jua wenye maduka hutowapata kirahisi, Diwali ndiyo wanafunga hesabu za mwaka na kufungua vitabu vipya, kila mtu yuko na kalamu.

Ruhusa sitaisimulia sana. Kwa sheria ya Kenya unampelekea OCS, mkuu wa kituo cha polisi, notisi ya mkutano siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na kelele ina karatasi yake. Ofisi moja tulizungushwa wiki mbili, njoo kesho njoo kesho, mpaka tukajifunza kwenda na barua mbili, moja wagonge muhuri mbele yako ubaki nayo.

Vijiti sasa. Vijiti vya dandia vya dukani vina rangi na vishada, vizuri, lakini kununulia watu mia ni kujifilisi, na mimi nilichotaka ni mtaa mzima ucheze, sikutaka watu wakae kwenye viti kutazama watoto wa wenyewe wakicheza. Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo, jukwaa na viti, watu wakapiga makofi wakaenda nyumbani, hakuna aliyejuana na mwenzake. Fundi seremala wa mtaani ndiye aliyesema kwa nini tusikate mipini ya fagio. Mpini mmoja unatoa vijiti vitatu, ukipiga msasa ncha zisichome basi umemaliza, watoto wakavipaka rangi wenyewe. Viwili kwa kila mtu. Ba akasimama katikati akifundisha kwa kuhesabu kwa Kiswahili, moja kulia, mbili kushoto, tatu kwa mwenzio, halafu sogea, na hapo kwenye "sogea" ndipo vijana wa bodaboda walipokuwa wanagongana kila mara, watu hoi kwa kicheko. Vidole viliumia kidogo, siwezi kukataa.

Rangoli, yale mapambo ya rangi yanayochorwa chini, ilitutesa pia. Tulianza na unga wa mchele tuliotia rangi ya chakula, kina mama wakachora tausi mkubwa kwenye saruji, umbo zuri ajabu, upepo wa bahari ukaja saa kumi, tausi akapeperuka wote mpaka kwenye nguo za watu. Tuliyojifunza: tumia chumvi ya mawe, ile ya chembe kubwa, itie rangi kwenye mfuko wa plastiki, itikise, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Ni nzito, haiendi na upepo. Na saruji uilowanishe kidogo kwa kitambaa kabla ya kumwaga, ila kidogo tu, ukizidisha chumvi inayeyuka rangi zinaingiana.

Ukutani tulitundika picha na maelezo mafupi waliyoandika watoto wa shule. Reli ya mwaka 1896 mpaka 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi aliyefungiwa na Waingereza tangu 1950 mpaka 1961, Pio Gama Pinto, mwanahabari na mwanasiasa aliyeuawa 1965, na tangazo la 2017 la kuwa Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Lakini meza iliyojaza watu ilikuwa ya maneno. Tuliandika kwenye karatasi pesa, gari, laki, bangili, bepari, kachumbari, tukauliza yametoka wapi, na jibu ni Bara Hindi. Kuna baba alibishana nusu saa kuwa kachumbari ni ya kwao Kilifi.

Muziki ndio sikuupanga. Tulimwita mzee wa taarab mwenye tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, nikidhani atapiga vipande viwili tu apumzike. Akaanza na wimbo wa Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Mombasa, na wanaomjua Bhalo wanajua nyimbo zake nyingi zilikaa juu ya sauti za filamu za Kihindi. Mzee anaimba maneno ya Kiswahili, mara nikasikia upande wa kina mama wameshika sauti ile ile kwa maneno ya Kihindi, wengine wamefumba macho kabisa. Mzee akasikia, hakusimama, akapunguza tu sauti yake ili zote mbili zisikike. Wamekwenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo na wakaurudia mara tatu, ratiba yangu niliyoipiga chapa ikabaki kuwa ya kujipepea.

Tuligawa jozi 60 za vijiti, zilizorudi ni 22. Mama yangu bado ananidai mipini miwili ya fagio, na kila jioni watoto wa kichochoroni kwetu wanagongana tatu kwa mwenzio, sogea, na bado hapo kwenye sogea wanakosea.