Muaisilandi ana miaka 150 hapa, Muafghani ana minne, halafu mnawapima kwa mzani mmoja

Wadau habari za huko nyumbani. Nimeingia ndani sasa hivi natoka zamu ya usiku, nje ni nyuzi 31 chini ya sifuri, na badala ya kulala nimekaa jikoni naandika kwa sababu kuna neno limenikaa kooni tangu saa nane usiku.

Mi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Winnipeg, Kanada, kuogesha, kulisha, kugeuza wagonjwa, kazi yenyewe mnaijua. Mapumziko tulikaa wanne tunakula, mmoja wetu ni mama wa makamo mzaliwa wa hapa, asili ya kwao Aisilandi, kile kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, na kwa kweli siku zote ni mtu mzuri tu. Stori ikaja ya Waafghani maana jengo analokaa wamehamia familia mbili. Akasema, babu zetu walifika hapa hawana hata sufuria, hawakupewa kitu na mtu, leo angalia tulipo, hawa Waafghani wamepewa kila kitu na bado wanapanga foleni ya chakula cha msaada. Alafu akanigeukia mimi, akanishika mkono kabisa, akasema wewe sikusemi, wewe ni mchapakazi.

Jamani. Bora angenitukana na mimi.

Sikumjibu. Mgeni unajifunza kumeza. Lakini njia nzima kwenye basi nilikuwa namjibu kichwani, na nyie ndo mtasoma majibu.

Tuanze na hao babu. Mi nakaa West End, karibu na Sargent Avenue. Ukishuka Sargent leo unakutana na mgahawa wa Wahabeshi, duka la Wafilipino, Wavietnam wana supu yao, ukitaka unga au ndizi za kupika huhangaiki. Lakini zamani barabara hii ndo ilikuwa Kariakoo ya Waaisilandi. Kanisa lao la Kilutheri bado lipo Victor Street. Walikuwa na magazeti yao kwa lugha yao, Heimskringla la 1886 na Lögberg la 1888, yaliungana mwaka 1959 na mpaka leo linatoka moja. Kwa iyo hawa wameanzia hapahapa ninapolipa kodi mimi, na kazi walizoanza nazo hapa mjini ni zilezile tunazoziita box, wanaume kuchimba mitaro ya maji machafu, wasichana kuwa hausigeli kwenye nyumba za Waingereza.

Wale wa kwanza kabisa walifika ufukweni mwa Ziwa Winnipeg, mahali panaitwa Gimli, tarehe 21 Oktoba 1875. Oktoba ya huku ni mlango wa baridi, unafika na watoto, nyumba hakuna, shamba hakuna. Kwao volkano ya Askja ilikuwa imelipuka mwaka huohuo ikafunika malisho kwa majivu, na maisha yalikuwa magumu hata kabla ya hapo. Mwaka uliofuata ikaingia ndui, ikaua watu kama 100, wengi watoto, na serikali ikawawekea karantini zaidi ya miezi saba, huingii hutoki. Ukazuka ugomvi wa dini, yakaja mafuriko ya 1880, wengi wakakata tamaa wakahamia Dakota upande wa Marekani. Miaka mitano ya kwanza ungewapima kwa pesa ungesema hawa watu wameshindwa maisha.

Ila hilo la kwamba hawakupewa kitu, hapana. Hapo ndo kooni pananikaba. Walitengewa eneo lao peke yao kando ya ziwa, likaitwa Aisilandi Mpya, wakawa na katiba yao na viongozi wao wa kuwachagua wenyewe. Serikali iliwakopesha pesa za chakula na mahitaji. Na sheria ya ardhi ya 1872 ilikuwa inampa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10, ukikaa na kulima ni zako. Ekari 160! Wadau huko Tanga kwetu ndugu wanafikishana baraza la kata kwa robo ekari ya minazi. Mtu aliyeanza na ekari 160 na ziwa lenye samaki mbele ya mlango, hata kama miaka ishirini ya mwanzo ni ya njaa, mjukuu wake hawezi kulingana na mtu aliyeanza na chumba cha kupanga.

Na ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Kuna mwenyeji wa pale wanamkumbuka mpaka leo, John Ramsay, alikuwa anakaa ndani ya lile eneo walilogawiwa wageni, yaani alinyang'anywa kwake, na bado aliwapelekea nyama na akawaonyesha namna ya kuishi na barafu. Mkewe Betsey alikufa kwa ndui ileile. Yeye kapata ekari ngapi?

Haya sasa jirani yangu. Yeye ni Muafghani, tunagawana ukuta. Alikuwa injinia wa maji Kandahar, na kwa muda alifanya kazi ya ukalimani kwa wanajeshi wa Kanada walipokuwa huko. Kabul ilipoanguka mikononi mwa Taliban tarehe 15 Agosti 2021 alikuwa na masaa ya kuchagua, akatoka na mke, watoto watano na begi mbili. Kanada iliahidi kupokea Waafghani 40,000 na kufikia Oktoba 2023 idadi ilishatimia, kwa iyo kuwapokea imewapokea, nawapa haki yao. Mkimbizi anayeletwa na serikali anapewa pesa ya kujikimu isiyozidi mwaka mmoja, kiwango ni kama cha watu wanaoishi kwa msaada wa mkoa. Watu wanasikia anapewa pesa wanadhani ni neema. Mwezi wa kumi na tatu inakatwa, na mtu mzima kaanza kujifunza lugha kwa alfabeti mpya, mkono wake umezoea kuandika kutoka kulia kwenda kushoto.

Digrii yake iko kwenye bahasha juu ya friji. Nimeiona. Ili aitwe injinia huku apitishiwe vyeti na bodi, afanye mitihani, apate uzoefu wa Kanada, na huo uzoefu wa Kanada ndo hakuna anayekupa kazi uupate. Baadhi ya karatasi zinatakiwa zitoke chuoni moja kwa moja, chuo chenyewe saizi kiko chini ya Taliban, nani atamjibu? Kwa iyo anapeleka vyakula majumbani kwa gari, usiku, kwenye barafu. Tuliwahi kukaa tukapiga hesabu zake kwenye meza yangu maana aliniomba nimsomee barua. Kodi dola 1,750, bima ya gari, mafuta, matairi ya baridi, umeme na joto, simu mbili. Ikaja posho ya watoto ya serikali, hiyo ni kubwa kweli, mtoto chini ya miaka sita kwa mwenye kipato kidogo inakaribia dola 8,000 kwa mwaka, na bila hiyo wangekuwa barabarani. Mwisho wa mwezi ilibaki dola 90 na senti. Familia ya watu saba.

Na hapo hatujagusa Kabul. Kule ana mama na dada watatu. Wasichana hawaruhusiwi sekondari tangu Septemba 2021, chuo kikuu wakafungiwa Desemba 2022, dada yake mmoja alikuwa mwalimu saizi amekaa ndani, kwa iyo midomo yote inamtazama huyu. Sisi Wabongo tunalalamika makato ya kutuma pesa, mi mwenyewe nalalamika kila mwezi, lakini nabonyeza simu na mama Muheza anapata meseji kabla sijamaliza chai. Yeye hela ya benki kuu yao karibu dola bilioni 7 ilishikiliwa Marekani 2021, mabenki ya nje yanaogopa kugusa jina Afghanistan, anatumia hawala, anampa mtu hela hapa, mtu mwingine anamkabidhi mama kule, ni uaminifu mtupu. Watu wa pwani hili neno mnalijua hata kabla ya simu.

Yule mama wa kazini hana wa kumtumia. Aisilandi ya leo ni nchi tajiri, nani wa Reykjavik anasubiri dola hamsini kutoka Winnipeg? Ndo maana hesabu ya kusema Muaisilandi ana nyumba na Muafghani hana ni hesabu nusu. Mmoja mshahara unaingia mfukoni kwake, wa mwenzie umeshagawanyika kabla haujafika. Sisi wenyewe ndo hivyohivyo. Ada, rambirambi, bati la mjomba, mchezo wa kina mama, nani kalazwa Bombo. Ukiniweka kwenye takwimu na mimi nitaonekana mzembe.

Nisiwe muongo, kuna mambo ya majirani zangu nayaona hayawasaidii. Mke bado hajaanza kazi mwaka wa nne, watoto wadogo, lugha, aibu, na mji huu kwa mshahara mmoja haukaliki. Nimemwambia dada njoo hata usafi masaa manne, anacheka anasema mwakani. Lakini binti yake mkubwa, aliyekuja hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza, juzi kaniletea ripoti ya shule niione. Anataka unesi. Wananiita khala, yaani mama mdogo, neno ambalo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Ijumaa wananiletea mkate wa moto, na pilau yao ina karoti na zabibu, siku ya kwanza nilishangaa, saizi naisubiri.

Kuna bibi mmoja pale kazini, mwaka huu anatimiza 94, naye asili yake Aisilandi. Huyo ndo aliyenifundisha nusu ya haya ninayoandika. Usiku hapati usingizi, ananishika anasimulia. Aliniambia mama yake akiwa mdogo shuleni alikuwa anaitwa goolie, ndo lilikuwa tusi lao, akawa anaficha chakula chake wasikione. Kuna familia zilibadilisha majina ili wapate kazi. Timu yao ya hoki ya barafu, Winnipeg Falcons, karibu wachezaji wote watoto wa Waaisilandi, mwanzo walikuwa wanakataliwa kwenye ligi kubwa ya mji, wakapeleka vijana vitani, wawili hawakurudi, ndo 1920 wakaenda Antwerp wakachukua dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwenye huo mchezo. Baada ya hapo, bibi anasema, tukawa watu. Nilimuuliza, miaka mingapi tangu Gimli? Akahesabu kwa vidole, 45. Akanyamaza.

Na sisemi hili kwa kuwachukia. Desemba nilimsimulia huyo bibi habari za majirani zangu, kwamba watoto wanaenda shule na viatu vya kiangazi. Nilisimulia tu kama stori. Siku tatu baadaye binti yake akaja na maboksi mawili, makoti, buti, glavu, saizi zote tano, na keki yao ya matabaka yenye plamu, vínarterta, wanapika Krismasi. Nililia kwenye maegesho.

Nyie mnaoniandikia kila wiki dada nipe mchongo wa Kanada, nisikilizeni. Ukiwa na fani ya bodi, daktari, nesi, injinia, mwalimu, anza kutafuta usawa wa vyeti ukiwa bado huko huko, chuo chako kitume karatasi wakati bado unaweza kwenda kugonga mlango wa msajili. Usije na mkopo wa kausha damu. Usiuze kiwanja. Na muulize ndugu yeyote aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakimbizi wengi hapa wanaanza maisha wakidaiwa nauli ya ndege na serikali, riba waliifuta 2018 lakini deni ni deni. Na ukifika mtu akikusifu kwa kumponda mgeni mwingine, usimeze hiyo sifa kama nilivyomeza mimi jana. Sisi na Waafghani tuko kwenye foleni moja, karatasi zetu ziko kwenye faili za rangi moja.

Kumekucha, nasikia jirani anawasha gari, ndo kwanza anarudi ama ndo anatoka sijui. Leo usiku niko zamu na yule mama tena, saa nane tutakaa meza ileile. Safari hii nitamuuliza, kwa upole kabisa, babu yako alipewa ekari ngapi?