Mradi wa kurudia Sultan: nimefika kwa Mustafa, nimekwama

Kwa ambao hawajui mradi wenyewe, ni hivi, naangalia upya tamthiliya ya Sultan yote toka mwanzo, ile ya Waturuki, Muhteşem Yüzyıl, ya Sultani Süleyman wa dola ya Osmani na watu wa ikulu yake, ambayo Azam Two waliileta na sauti za Kiswahili, na kila mhusika mkubwa namfungulia ukurasa kwenye daftari niandike ni sini gani hasa alijimaliza. Sio sini aliyokufa, hiyo kila mtu anaijua. Nataka ile ya nyuma kabisa ambayo ukishajua mwisho wake unaona wazi hapa ndo mwenzetu kajichimbia kaburi na bado anacheka. Sizoni nne, sehemu 139 kwa hesabu ya kwao Uturuki, na kila moja ndefu kama muvi, kwa hiyo haraka hamna.

Sizoni ya kwanza nimeifunga na Mahidevran, mwanamke wa Sultani wa kabla ya Hürrem, mama yangu anamwita mama machozi. Kwake nimeandika siku aliyompiga Hürrem. Maana kabla ya hapo anacho kila kitu, mtoto wa kiume anaye, mama mkwe yuko upande wake, mwenzie ni kijakazi tu kaletwa juzi kwa meli hajui hata kuinamisha kichwa. Anamchakaza uso, na hapo hapo kampa silaha. Na usidhani ni utunzi tu, kuna balozi wa Venice, Navagero, aliandika mwaka 1553 kwamba baada ya kile kipigo Sultani alimwita Hürrem akagoma kwenda, eti yeye ni nyama ya kununuliwa, uso umechanika, hafai kuonekana na mfalme. Jamani huyo dada! Kapigwa yeye na kesi kashinda bila hata kufika barazani.

Ibrahim Pasha ndo kanikalisha sana. Okan Yalabık anamcheza na kile kitabasamu cha upande mmoja, mwanzoni unampenda mwenyewe, rafiki wa Sultani toka ujana wao kule Manisa, anapiga fidla usiku kwenye roshani, kijana wa mvuvi wa Parga aliyefika kuwa waziri mkuu. Halafu taratibu anaanza kuongea kama nchi ni yake. Kwangu alijimaliza siku aliyowaambia mabalozi wa Austria ile habari ya simba, kwamba simba hata awe mkali vipi anafugika kwa anayemlisha, na simba mwenyewe ni mfalme, wanaomlisha ni mawaziri. Nilisimamisha nikarudisha nyuma, nikaangalia nyuso za wale mabalozi, wanatazamana tu, maana hata wao wameshtuka. Aisee unawaambiaje wageni maneno hayo? Baada ya hapo vyote vilivyofuata, kujiita Serasker Sultan, yaani kamanda sultani, kule vitani na mengine, ni mtu anashuka mlima breki hana.

Na kifo chake bado kinaniuma tumbo, futari ya Ramadhani ya mwaka 1536, wamekula pamoja kama ndugu. Sultani alishamwapia kwamba maadamu yu hai hatamuua, basi akatafutiwa mlango wa nyuma, mtu aliyelala hahesabiwi hai, kwa hiyo kazi ifanyike mfalme akiwa usingizini. Halit Ergenç, anayemcheza Sultani, kalala pale macho yanamtoka, na wewe uliyekaa kwenye kochi unajua, na yeye anajua, kwamba hakuna aliyelala humo ndani.

Valide, mama yake Sultani, na Hatice, dada yake, nimewapitia haraka, msinilaumu, Hatice kilio chake ni kirefu kuliko vita vya Mohács.

Rüstem sasa, waziri mwingine! Huyu ukurasa wake ni tupu maana hakujimaliza popote, kafa kitandani kwake. Yeye ni mtu wa bahati mbaya zikageuka nzuri. Maadui wakavumisha ana ukoma ili asimuoe Mihrimah, binti wa Sultani na Hürrem, akatumwa tabibu kumkagua, kakuta chawa kwenye nguo yake, na enzi hizo waliamini mwenye ukoma hapati chawa, basi ndoa ikapita. Chawa wa kweli lakini, sio hawa wa wanasiasa. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kuhusu Hürrem wa sizoni ya nne, Meryem Uzerli aliondoka mwaka 2013 akaja Vahide Perçin, najua wengi waligoma kabisa. Mi naona huyu wa pili ana ubaridi unaofaa kwa mama mtu mzima ambaye keshazika mtoto, ila kile kicheko cha yule wa kwanza, hapana, hakikurudi.

Haya sasa Mustafa, yule mtoto wa Mahidevran na Sultani. Nimerudia sehemu zake zote na sipati sini ya kuandika. Kila askari wakimshangilia ukimwangalia baba yake usoni unaona kitu kinakaza, lakini kushangiliwa sio kosa lake. Barua ya kwa Shah, mfalme adui wa Uajemi, imeghushiwa. Muhuri umeghushiwa. Anaonywa asiende, anaenda, anaacha silaha nje ya hema la baba yake kule Ereğli, na humo ndani anauawa kwa amri ya baba huyo huyo. Mama anasema hapo hapo, alijimaliza kwa kumwamini baba, andika. Nikamwambia mama, mtoto kumwamini baba yake ndo kujimaliza? Tumebishana mpaka uji ukapoa. Hii sehemu ilipoonyeshwa kwao Februari 2014, watu walijaa Bursa kwenye kaburi lake kumwombea dua, mtu aliyeuawa 1553! Steringi akifa hivi hata miaka mingapi ipite haimezeki.

Kwa hiyo ukurasa wa Mustafa nimeuhamishia jina, pale juu nimeandika Süleyman, na nimeanza upya kumtafuta yeye toka sehemu ya kwanza. Bayezid na Selim, watoto wa Hürrem, wasubiri kwanza.