Kombaini ya mzee

Jana mnunuzi wa chuma chakavu kafika hapa Basotu na mzani wake, anaitaka kombaini ya baba, mashine ya kuvunia ngano, Massey Ferguson iliyolala chini ya mgunga tangu niko shule ya msingi. Nikamwambia subiri kwanza. Tukafungua ubavuni na fundi: panya wamejenga kwenye chekeche, mikanda imekauka hadi inavunjika mkononi, lakini dramu ya kupukuchulia ngano ukiisukuma inazunguka! Beringi bado zina grisi, jamani. Injini ndiyo basi tena, pistoni zimeganda. Hiyo kaondoka nayo kwa kilo. Dramu imebaki, fundi anataka tuizungushe kwa mkanda wa trekta, ipukuchue ikiwa imesimama. Mama hanisemeshi, hela yote alishaipigia hesabu ya bati.