Mlinzi wa mabegi

Likizo imebaki wiki moja na mi nimekaa hapa natoa mchanga kwenye begi, sijui unajificha wapi huu mchanga, nimelikung'uta mara tatu na bado upo. Basi nikasema ngoja niandike kabla sijasahau.

Tumeenda baharini Jumamosi nne mfululizo, watu sita, tunaenda asubuhi tunarudi jioni. Na mara zote mimi ndo mlinzi wa mabegi. Hiyo kazi sikupewa na mtu. Ni kwamba sijui kuogelea na hilo nilikuwa sijamwambia yeyote, mwaka mzima tunasoma wote nawapiga chenga tu, leo nina mafua, kesho jua kali, nyie nendeni mi nachunga simu. Ukishadanganya mara mbili ya tatu huhitaji hata kufungua mdomo, watu wanakutupia funguo na viatu wanakimbia zao.

Jumamosi ya kwanza tulifika kama saa nne asubuhi, maji yametoka mbali huko, mchanga mtupu na vidimbwi vina kaa wadogo wadogo. Tukashusha vitu karibu kabisa na maji ili tusitembee sana. Sasa bahari ikianza kujaa haiji kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza unaona kama imelala, ikifika ya tatu na ya nne ndo inakimbia kwelikweli, na mimi muda huo nimesinzia kofia usoni. Nilishtuliwa na baridi ya kisigino. Kufungua macho, ndala moja inaelea inaondoka! Nikabeba mabegi sita peke yangu kama punda na wenzangu kule wanacheka mpaka wanameza maji. Daftari la mtu lililoa lote, na chaja.

Niliumia jamani, kazi yenyewe moja tu na nimeilalia. Wiki ile nikakaa nasoma mambo ya maji kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote. Kumbe bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya kama saa 24 na dakika 50, kwa sababu mwezi nao unatembea, kwa hiyo kila siku inachelewa karibu dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata kama saa sita. Maana yake Jumamosi inayofuata, saa nne ileile, palipokuwa mchanga mtupu panakuwa maji! Nikawaandikia kwenye grupu, wakanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Tumefika, maji yamejaa hadi juu, wote kimya hahaha. Ila hayakusogea sana siku hiyo, yalikuwa maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu. Ile ya kwanza ilikuwa bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, mwezi mpevu, ndo maana yalitufuata vile.

Ya tatu ndo siipendi kuikumbuka.

Ukikaa ufukweni masaa mengi huna la kufanya unaanza kuona vitu. Mi niliona kuna sehemu mawimbi hayavunjiki, kulia na kushoto povu tupu halafu hapo katikati pametulia, maji meusi kidogo. Ukipaona unasema hapa ndo pa kuogea. Kumbe ndo pabaya, maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanarudi baharini kupitia hapohapo. Na mmoja wetu, yule mwenye kelele kuliko wote, akaenda kusimama hapo. Maji ya kifua. Nikamwona anapiga hatua kuja ufukweni lakini hasogei, anapiga tena, hasogei, na ile sura ya utani imeondoka usoni. Nilikimbia nikiwa na viatu vya watu mkononi, napiga kelele nenda pembeni, usije huku, nenda pembeni! Akanisikia, akajisukuma kwa upande, kidogo kidogo mpaka akafika penye povu akakanyaga vizuri, wimbi likamleta.

Alikuja kukaa kwenye mabegi na mimi, meno yanagongana. Akaniuliza umejuaje. Nikamwambia mi si nakaa tu hapa naangalia, sijui kuogelea. Lilitoka tu hivyo, mwaka mzima nimelibeba halafu limetoka kama salamu. Akanyamaza, akachimba chimba mchanga na kidole gumba cha mguu, akasema hata yeye huwa anaogelea pale miguu inapogusa tu. Ndo maana alipenda pale palipotulia.

Basi Jumamosi iliyopita, ya nne, tukiwa tumefika tu wenzetu wakavua viatu wakatutupia kama kawaida. Yule jamaa akasimama akaniambia twende, mpaka magotini tu, penye povu. Nikamwambia na mabegi je? Halafu nikakumbuka hesabu, wiki ya kwanza maji yalikuwa nje saa nne, ya pili yamejaa, ya tatu nje, kwa hiyo leo yamejaa na kuanzia saa hizi yanatoka. Hayaji popote. Nikayasogeza juu kidogo hata hivyo, sijiamini kiasi hicho, funguo nikaweka mfukoni.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wimbi likirudi linakuchimbia mchanga chini ya visigino, unazama taratibu umesimama hivyohivyo. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.