Mwongozo wa Kurasa 184 Uliokufa Alhamisi, Nikaufufua Jumapili

Kuna ushauri mmoja nikiusikia tena nitamrushia mtu kipanya: "Zima kompyuta, kisha uiwashe." Huu ni mwaka wangu wa saba nikiandika miongozo ya mashine hapa Kampala, na sijaona faili la Word lililovunjika mgongo likapona kwa kulala dakika mbili.

Mtu akiniuliza kazi yangu ndani ya taksi, husema naandika vitabu. Nikisema ukweli, kwamba naandika yale maelekezo yanayokaa ndani ya boksi pamoja na pampu, watu hucheka: "Ah, karatasi za kufungia karanga!" Ndizo hizo. Kampuni yetu huwauzia wakulima pampu za maji za sola, na mwongozo ni wa lugha tatu: Kiingereza, Luganda na Kiswahili. Kiswahili ni mzigo wangu. Nimekulia Malaba, mpakani, ambako mtoto hujifunza kuhesabu kwa malori na kutukana kwa Kiswahili cha madereva. Wenzangu ofisini bado wanakiona ni lugha ya askari na wezi, japo Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Baraza la Mawaziri likalirudia jambo hilo Julai 2022. Bosi hana habari na Katiba. Yeye anawafikiria wateja wa Kagera, Tanzania, na wa Bunia, Kongo.

Basi, faili lenyewe lilikuwa moja, kurasa 184, picha zaidi ya 140, zito kiasi kwamba kulihifadhi tu unaweza kwenda kununua rolex (chapati yetu ya mayai) pale nje na kurudi ukakuta bado linahema. Zilikuwa zimebaki siku tisa lipelekwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwenye mtambo wa chapa. Nikamlalamikia kijana wetu wa kompyuta. Kijana mzuri, mwenye heshima, lakini hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba likizo.

"Madam," akaniambia, "tumia waraka mama. Unagawanya sura zote ziwe mafaili madogo, halafu mama anawabeba watoto wake."

Wazo tamu kweli. Word ina kitu hicho, kipo tangu zamani, na waandishi wa miongozo wa miaka mingi wanakijua kama wanavyojua njia yenye nyoka. Mimi sikukijua. Jumanne nikagawanya sura kumi na moja. Jumatano mama aliwabeba watoto vizuri, faili likafunguka kama mlango wenye mafuta, nikatamba ofisi nzima. Nilimnunulia yule kijana soda!

Alhamisi asubuhi nikafungua. Sura ya 6 ilikuwa inajiita Sura ya 1. Orodha ya hatua za kufunga paneli, ambayo ina hatua kumi na mbili, ilianza na hatua ya 47. Vichwa vya juu vya kurasa za Luganda vilihamia kwenye Kiingereza. Jedwali la nyaya lilikuwa limejikunja kama chapati. Nikaona nisipaniki, nihifadhi, nifunge, nifungue tena. Hapo ndipo Word iliponiambia kwamba imekuta ndani ya faili kitu isichoweza kukisoma. Nikabofya ndiyo, irekebishe. Ikarekebisha kwa kufungua ukurasa mweupe.

Nilikwenda chooni nikakaa huko muda.

Nilipotoka, washauri walikuwa wameshajaa mezani. Mmoja alisema nizime na kuwasha. Wa pili alimjua fundi fulani mjini anayefufua mafaili kwa laki mbili na nusu hivi, ukimbembeleza laki mbili. Rafiki yangu wa Nairobi, niliyempigia simu nikilia, alisema kosa langu ni kutumia Word. Waandishi wa kweli wanatumia FrameMaker au Flare. Inawezekana kabisa. Lakini Flare kwa mwaka ingelipa kodi ya nyumba yangu ya Kireka na chenji ikabaki, na hata ningepewa bure, siku zilizobaki si za kujifunzia programu mpya. Ukizama hufundishwi kuogelea, unarushiwa kamba.

Nakala rudufu? Nilikuwa nazo. Ya karibuni ilikuwa ya wiki mbili nyuma, kabla Injinia hajapitisha masahihisho ya sura ya 6 na ya 7. Na masahihisho ya Injinia hayaombwi mara mbili. Yule bwana ukimtumia maswali kwa barua pepe hajibu. Ukimfuata karakana anakuambia "kesho, dada". Nilikuja kumweza kwa hila moja tu: siulizi, naandika uongo. Nilipotaka kujua pampu ile ndogo inazamishwa hadi kina gani, niliandika kwenye rasimu "mita 800", nikaichapisha, nikaiacha juu ya benchi lake la kazi. Hazikupita dakika kumi alikuwa mlangoni kwangu anatetemeka, karatasi mkononi, ananifundisha fizikia ya safu ya maji kwa nusu saa, tena kwa michoro. Nilipata kina, nikapata na ukubwa wa waya, na sababu ya kutoiendesha pampu kavu, vitu ambavyo nilivitafuta mwezi mzima. Ila lazima uongo uwe mkubwa wa kuonekana, na rasimu isitoke nje ya ofisi. Ungeandika mita 80, pengine angeipita, nawe ungeichapa.

Sasa yote hayo yalikuwa ndani ya faili lililokufa.

Ijumaa usiku, nyumbani, ndipo nikakumbuka jambo nililolisikia zamani nikalipuuza: faili la docx, tangu Word ya 2007, si faili moja. Ni gunia. Ni zip iliyovishwa jina lingine. Nikatoa nakala ya faili la mtoto mmoja (tafadhali, fanya kazi kwenye nakala, usiniite baadaye), nikaiagiza Windows ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili maana huvificha, nikafuta "docx" mwishoni nikaandika "zip". Windows ikanionya kwamba faili linaweza kuharibika. Nikacheka peke yangu. Liharibike mara ngapi?

Nikalifungua. Ndani mna folda inaitwa word, na ndani yake nyingine inaitwa media, na humo, Mungu wangu, picha zote za sura hiyo zimepangwa: image1, image2, image3, mpaka ya mwisho. Nzima, kwa ubora wake ule ule. Nilimwita mume wangu aje aone. Akaangalia, akasema "ni picha za bomba," akarudi kwenye mpira wake.

Nikarudia kwa watoto kumi waliobaki. Maandishi nayo yako kwenye folda hiyo hiyo ya word, faili la document.xml, lakini ukilifungua kwa Notepad unapata mstari mmoja mrefu kama reli ya kwenda Kasese, maneno yako yamenaswa katikati ya alama. Nilianza kuyachomoa kwa mkono. Saa moja na nusu, kurasa nne. Hapo umeme ukakatika, na ninashukuru ulikatika, kwa sababu nilipokaa gizani ndipo akili ilipokuja: jaribu LibreOffice. Ni ya bure, nilikuwa nayo kwenye laptopu kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Haina madeko ya Word, na kitu kinachoiangusha Word yenyewe mara nyingi hukiruka tu ikaendelea. Betri ilikuwa na asilimia 30 hivi. Mafaili tisa kati ya kumi na moja yalifunguka, mawili yakiwa na picha zimepotea, ambazo tayari nilizichota kwenye gunia. Mawili yaliyobaki yalikuwa sura za utangulizi na dhamana, na hizo ningeziandika nikiwa usingizini.

Lakini kupata maandishi si kuponya. Nilipoyaunganisha tena kwenye Word, ugonjwa ulirudi: namba za hatua zinaruka, vichwa vya juu vinahamahama. Jumamosi nzima niliipoteza nikirekebisha namba moja moja, na kila niliyoirekebisha ilivuruga mbili. Kama unasoma hili na uko kwenye hatua hiyo, acha, nenda kanywe chai.

Kilichoniokoa ni alama ndogo ya aya. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 pamoja, Word itakuonyesha zile alama zinazofanana na P iliyogeuka nyuma. Ile ya mwisho kabisa ya waraka ndiyo mchawi. Word hufungia kwenye mwisho huo maagizo ya sehemu nzima: ukubwa wa karatasi, pambizo, vichwa vya juu, na uchafu wote uliorundikana tangu faili lizaliwe. Ukinakili waraka wote ukaupeleka kwenye faili jipya, umembeba na mchawi. Kwa hiyo unachagua vyote kwa Ctrl na A, halafu unashika Shift na kubonyeza mshale wa kushoto mara moja, ile alama ya mwisho ibaki nje. Ndipo unanakili na kubandika kwenye faili jipya tupu. Nilifanya sura kwa sura, maana kila mgawanyo wa sehemu katikati ya waraka nao hubeba maagizo yake, huo nao unauacha. Vichwa vya juu nilivitengeneza upya. Namba sikuziandika kwa mkono hata moja, nilizifunga kwenye mitindo ya vichwa. Kufikia Jumapili saa tisa mchana faili lilikuwa jepesi, karibu theluthi ya uzito wa zamani, na hatua ya kwanza inaitwa 1.

Rafiki wa Nairobi aliposikia akaniambia sasa nihamie Markdown, uandishi wa alama chache tu, sura kila moja iwe faili la maandishi matupu. Hapo hakukosea, nimeanza, natumia programu ya Pandoc kugeuza. Sura za maneno matupu zinapita vizuri. Majedwali yenye seli zilizounganishwa yanatoka yamepasuka, hayo nimeyaacha kwenye Word kwa sasa. Na Injinia bado anasahihisha kwa penseli.

Mambo ya Nasser Road yalikuwa na kisa chake. Toleo la kabla ya hili niliwapelekea faili la Word kwa flashi, kwa sababu waliniambia "lete tu, nnyabo, tutalifungua." Wakalifungua kwenye kompyuta isiyo na fonti zangu. Luganda ina herufi ŋ, na fonti waliyoiweka badala yake haikuwa nayo, kwa hiyo kila penye okukuŋŋaanya pakawa na viboksi viwili vitupu katikati ya neno. Nakala mia tatu. Safari hii nilipeleka PDF yenye fonti ndani yake, na nikamsimamia kijana wa mtambo mpaka ukurasa wa kwanza wa Luganda ulipotoka. Boda ilinila elfu sita kwenda, kurudi kulikuwa na mvua, bei usiulize.

Toleo hilo hilo bovu lilikuwa na aibu nyingine, hiyo ni yangu. Ukielekeza msomaji "tazama jedwali fulani" kwa kiungo cha Word, kisha ukafuta kile ulichokielekezea, Word hainong'oni neno. Inasubiri siku ya kuchapa, inahuisha viungo vyote, na mahali pa namba inaandika kwa Kiingereza kizito kuanzia na neno Error kwamba chanzo cha rejeo hakikuonekana. Nami nilichapa. Ukurasa wa 31, sehemu ya vipuri. Sasa kabla ya kutuma popote nachagua vyote, nabonyeza F9, halafu natafuta neno hilo waraka mzima. Dakika moja.

Lakini wakati ule sikujua. Miezi miwili baadaye mkulima mmoja wa upande wa Masaka akapiga simu ofisini, mzee mpole sana, akasema amenunua kila kipuri kilichoandikwa ukurasa wa 31 isipokuwa kimoja, amezunguka maduka yote ya mjini hakipati, hiyo "erori" inauzwa wapi?

Toleo jipya lilipotoka nilimtumia nakala yake ya kwanza kwa basi. Akapiga tena wiki iliyofuata. Amelinganisha vitabu viwili, erori haimo, je, pampu yake itafanya kazi bila hiyo?

"Itafanya, ssebo," nikamwambia. "Tumeiondoa."

Akashukuru, akasema hata hivyo ilikuwa ghali.

Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza alinunua nini.