Nilimtunza Mzee wa Watu Beppu

Gari letu la mtumba kutoka Japani tumelipata, alhamdulillahi, na wote mlionishauri nichukue jeupe, shukrani. Redio bado inanasa stesheni mbili tu, maana FM ya Japani inaanzia 76 huko na inakaribia kuisha pale yetu inapoanza. Fundi ameahidi kuleta kifaa cha kuifanya inase stesheni zetu, tangu mwezi uliopita anaahidi. Lakini anayetushughulisha zaidi nyumbani ni yule mwanamke wa ndani ya gari. Ukiwasha tu, anasema. Sentensi moja, ya taratibu, ya adabu, halafu ananyamaza mpaka kesho.

Juzi mwanangu akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Mama, si ulikaa Japani wewe? Huyu dada anasema nini?"

Nikamwambia anasema kadi ya barabara za kulipia haijaingizwa.

"Mbona sasa anaomba kwa huruma hivyo?"

Sikumjibu. Kutoka Chumbageni mpaka Raskazone niliendesha kimya, kwa sababu mara ya mwisho mwanamke wa Kijapani kunisemesha kwa sauti ile, sentensi ndefu nisiyoielewa, nilikuwa nimesimama mlangoni pa baa na noti mkononi. Kisa hiki nilimsimulia shangazi peke yake, tukagombana. Acha leo nikiweke hapa.

Ilikuwa wakati wa kozi, mji wa Kitakyushu, Japani, kabla ya korona. Wikiendi ile wenzangu walikwenda Fukuoka madukani. Mimi nikapanda treni ya Sonic stesheni ya Kokura, ile inayojilaza kwenye kona, ikaniteremsha Beppu saa moja na ushei baadaye. Beppu ni mji wa maji ya moto, mvuke unatoka mpaka kwenye mifereji ya barabarani. Nje ya stesheni kuna sanamu ya Aburaya Kumahachi, mzee aliyeutangaza mji ule kwa watalii, kanyanyua mikono yote miwili juu na kishetani kidogo kimening'inia kwenye joho lake. Nilimpenda papo hapo. Mayai ya kuivishwa kwa mvuke mtaa wa Kannawa nilikula. Kuoga nilioga pia, bafu la kukodi, peke yangu, komeo nimelitia. Habari za mabafu ya pamoja waulizeni wengine.

Shida ya kusafiri peke yako ni usiku. Mchana una pa kwenda, una cha kupiga picha. Saa mbili usiku umeshakula, umeshaswali, unabaki unatazamana na ukuta. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniona nimekaa pale mapokezi nakunywa chai ya tatu, akaniuliza kwa simu yake ya kutafsiri nataka nini. Nikaiambia simu: nataka mahali watu wanapokaa. Akafikiri. Akachukua karatasi, akaandika mistari minne, akanichorea njia nyuma yake, akanipa kwa mikono miwili.

Alinielekeza kwenye sunaku. Ni vibaa vidogo, Japani viko kila mji, na mgeni anaweza kuvipita mwaka mzima asijue kuna watu mle. Havina dirisha, mlango mzito, nje kuna kibao cha taa tu chenye jina. Bei mara nyingi haiandikwi popote. Vilishamiri miaka ya 1960: kuelekea Olimpiki za Tokyo za 1964 wakubwa walizibana baa za usiku wa manane, basi wenye baa wakaweka vitafunio kwenye kaunta ili wahesabiwe wauza chakula. Ujanja huo hata mtaani kwetu usingehitaji kufasiriwa.

Nilisimama nje ya mlango ule kwa muda. Mwanamke peke yake, ushungi kichwani, anaingia baa. Bibi yangu angefufuka. Nikausukuma.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kiasi cha Hiace tuseme, kaunta upande mmoja na viti vinane. Moshi wa sigara. Vichwa vitatu viligeuka. Nyuma ya kaunta alikuwa mwenye baa, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele zimetengenezwa saluni, miwani imening'inia kwa mkufu. Wote wanamwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, kisha akaisoma kwa sauti, kwa baa nzima. Baadaye niliambiwa ilisema: huyu ni mgeni wangu, yuko peke yake, hanywi pombe, hali nguruwe, anaomba akae kidogo. Kwa hiyo kabla sijakaa wateja wote walikwishajua habari za mimi na nguruwe. Akageuza karatasi, akaandika yeni 3,000, akanionyesha, akasubiri nitikise kichwa. Nilipotikisa ndipo akanivutia kiti.

Nikaletewa kitambaa cha moto cha kufutia mikono. Kisha chai ya ulongi, ile nyeusinyeusi, lakini kaiweka kwenye glasi ya wiski na barafu, hata ukiniona kwa mbali usingejua tofauti yangu na waliokaa pale. Hilo sikuliomba. Na kibakuli kidogo: majimbi. Wallahi majimbi, yale madogo ya duara, yamepikwa kwa soya na sukari mpaka yanateleza kwenye vijiti. Nikawa nayafukuza bakulini, Mama akanipa kijiko bila kuniangalia.

Nilikaa nikisoma ukuta. Rafu nzima chupa, kila chupa imevishwa kijibao shingoni chenye jina la mwenyewe. Mteja ananunua chupa yake, inakaa pale, akija anamiminiwa yake. Kwa hiyo watu wale watatu pombe walikuwa nayo tayari, imelipiwa zamani. Walichokuja kununua usiku ule ni kukaa mbele ya Mama. Naye haketi nao. Anakaa upande wake wa kaunta, anamimina, anatia barafu, anakata ndimu za kwao ziitwazo kabosu, anamwuliza mmoja jambo, anamwacha, anarudi kwa mwingine pale pale alipomwachia. Mjumbe wetu wa nyumba kumi angejifunza kitu.

Wateja wenyewe: mwanamume wa tai aliyejua Kiingereza cha kazini, mama mmoja mtengeneza nywele mwenye kucha ndefu zilizochorwa maua, na mzee wa sweta ya kijani ambaye hakuwa amesema neno.

Karaoke ikaanza. Mmoja wa waliobuni mashine zile ni mpiga muziki wa Kobe, Inoue Daisuke, mwaka 1971, akawa anazikodisha kwenye baa kama hizi, na hataza hakuchukua, maskini. Wa tai aliimba vibaya, tukapiga makofi. Mama wa kucha aliimba vizuri kidogo, makofi yale yale. Nikashika kuwa pale hapana mwimbaji mbovu. Mama alinisogezea kitabu cha nyimbo, nikakisukuma taratibu, akacheka, akanipa tari la plastiki nichezee.

Kisha akamwekea mzee mbele kipaza sauti. Mzee hakuwa ameomba wimbo. Mama alijua ni upi.

Akashuka kwenye kiti chake, akasimama wima, akafunga kifungo cha juu cha sweta. Akainama kwetu. Kwenye skrini ikaja bandari, usiku, mvua, meli inang'oa nanga, mwanamke wa kimono amesimama gatini na mwavuli. Mzee akakishika kipaza kwa mikono miwili, akafumba macho, kwa hiyo ile skrini ilikuwa ya kwetu.

Enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi, nilikuwa nimeisikia kwenye teksi, ikanipita. Pale ndani haikunipita. Alianza chini, karibu na kusema. Alipofika mwisho wa mstari akaichukua sauti akaipinda, akaitikisa, akaipandisha ngazi tatu ndogo na kuirudisha, na kuirudisha kwenyewe akachelewa makusudi mpaka muziki ukawa unamngojea. Nywele zikanisimama mkononi. Jamani, mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi alikuwa mtu wa Black Star, kundi la taarabu, jirani yake mtu wa Lucky Star, wapinzani wao, na kwa ajili hiyo tu walinyimana chumvi. Nimelala chini ya viti vya ukumbini nikiwa na miaka sita. Mtu akikupindia sauti namna ile, akaiacha ining'inie, kuna jambo linatakiwa kufanywa, na mikono yangu ilikwishaanza kulifanya. Ilikuwa ndani ya pochi.

Kozini walitwambia siku ya kwanza: Japani hakuna bakshishi, ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbilia barabarani kukurudishia. Nilijua. Lakini tunzo si bakshishi. Bakshishi unampa mtu kwa kazi aliyokufanyia. Tunzo unampa kwa kuwa kalisema lako mbele za watu, nawe unataka watu wakuone umelisikia. Langu lilikuwa lipi, na maneno sikuelewa hata moja? Sijui. Bandari, labda. Kwetu kila nyumba ina mtu aliyekwenda na meli.

Nikaikunja noti ya yeni elfu mara mbili, ikawa robo, nikaishika kwa vidole viwili. Nikainuka. Tunzo haliendewi mbio. Unakwenda na mapigo, bega hili, bega hili, mkono juu noti ionekane, na viti vinane ni safari fupi kwa hiyo niliirefusha. Tari la mama wa kucha likanyamaza. Wa tai aliweka glasi chini. Nilipomfikia, mzee alikuwa bado kafumba macho na mikono yake yote miwili iko kwenye kipaza. Sikuwa na pa kuiweka. Nikasimama naye uso kwa uso, nimenyanyua noti, nikicheza kidogo pale pale, nikimngoja amalize kupinda. Akafumbua macho. Hakukatiza wimbo. Alinitazama, akatazama noti, na mstari uliofuata aliuimba kwangu, wote, mpaka mwisho wake. Nikaitia noti kwenye mfuko wa sweta, nikarudi nilikotoka kwa mwendo ule ule.

Kimya kilichokuwepo muziki ulipokwisha kilikuwa cha kutosha kunifikirisha nauli ya treni.

Aliyekivunja ni mama wa kucha. Alitoa sarafu kwenye pochi, akachomoa karatasi laini, akazifunga ndani yake na kuisokota juu ikawa kifundo, akakiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili. Mama akapiga kofi, akacheka kwa sauti. Wa tai akanieleza kwa tabu kuwa zamani, na kwenye vikundi vya maigizo vinavyozunguka mpaka leo, washabiki hutupa jukwaani sarafu zilizofungwa hivyo, na wengine humbandika mwigizaji noti kwenye kimono. Halafu akamwomba mzee noti yangu, akaikunjua, akaigonga kwa kidole pale kwenye picha. "Noguchi! Afurika!" Noti za elfu wakati ule zilikuwa na sura ya Noguchi Hideyo, daktari aliyekwenda kuchunguza homa ya manjano akafa kwa homa hiyo hiyo Accra, mwaka 1928. Wakaona nimechagua makusudi. Kutoka Tanga hadi Accra ni mbali kuliko nilivyoweza kueleza, nikawaachia. Mzee akaikunja noti robo vile vile nilivyoikunja, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

Mengine yalikwenda haraka. Waliimba tena. Saa nne na nusu nikaaga.

Mama akaniwekea kisahani cha pesa na kikaratasi. Kimeandikwa 2,000.

Nikaweka elfu tatu, tulivyokubaliana. Akaichukua moja, akatoka nyuma ya kaunta, akanifuata mpaka mlangoni akanirudishia kwa mikono miwili, na hapo ndipo akaniambia ile sentensi ndefu, ya taratibu. Simu yangu ya kutafsiri ilikuwa imezima. Nikainama, akainama, nikatoka.

Noti aliyonirudishia ilikuwa imenyooka, haijakunjwa popote.

Shangazi hakutaka kusikia zaidi. "Umerudishiwa tunzo? Hayo ni matusi, mwanangu, na wewe ukapokea!" Nikamwambia tunzo langu lilibaki kwenye sweta, niliona kifungo kikifungwa. "Basi ni nani aliyemtunza huyo mzee, wewe au mwenye baa?" Mume wangu anasema ni punguzo tu, nilikunywa chai wenzangu walikunywa pombe, niache kutafuta maana. Lakini 3,000 aliiandika akijua nakunywa chai. Nikasema labda ilikuwa malipo ya kuichangamsha baa. Shangazi akaniuliza kama siku hizi nimekuwa mchezaji wa ukumbini, tukaacha kusalimiana siku mbili.

Sijaacha kutunza. Jumamosi hii kuna harusi Ngamiani, noti zangu nimeshazitafutia chenji. Ila siku hizi nikishampa mwimbaji na kurudi kitini, macho yananitoka kwa yule kijana anayezunguka na kikapu kuokota pesa, nataka nijue anazipeleka kwa nani.