Madini ya chokaa: yanaliwa, lakini yanaingia mwilini?

Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kalsiamu, yaani madini ya chokaa, iko sawa huku mifupa inaliwa kimyakimya. Moyo, misuli na mishipa ya fahamu haviwezi kufanya kazi kalsiamu ya damu ikiyumba, kwa hiyo ikishuka kidogo tu, vitezi vinne vidogo vya shingoni hutoa homoni inayochomoa madini hayo mifupani. Huko ndiko iliko asilimia 99 ya kalsiamu yote, karibu kilo nzima kwa mtu mzima. Akiba ni kubwa, ndiyo maana upungufu huonekana baada ya miaka mingi, bibi anapoteleza na nyonga kuvunjika.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300. Chai iliyotiwa maziwa kidogo haifiki hata 100, na hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, hata huku Rungwe na Njombe kwenye ng'ombe wa maziwa. Anayejaa gesi kwa maziwa yasiyoganda ajaribu mgando: kalsiamu ni ile ile, sukari ya maziwa imepungua.

Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ni mzuri kwa sharti moja, aliwe mzima. Ukiondoa kichwa na mifupa umetupa madini ukabaki na protini. Waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, twanga, chekecha. Mtoto aliyepita miezi 6 atiliwe kijiko kimoja cha chai kwenye uji.

Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, mahindi hayaukaribii. Tatizo ni faiteti, kemikali ya kwenye nafaka inayong'ang'ania kalsiamu, chuma na zinki zisifyonzwe. Kuchanganya ulezi na soya, karanga, ngano na mchele, vyote vibichi, ukaita lishe, kunaiongeza tu. Dawa ni kimea, kama cha kupikia komoni, pombe ya kienyeji. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, tandaza tabaka jembamba, funika na kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili. Makete, kwenye baridi ya Julai, hesabu siku tatu au nne. Vimizizi vikitokeza, anika, visugue vitoke, saga. Ukirundika tabaka nene joto linapanda katikati na ukungu unaingia. Ulezi wenye ukungu haufai hata kwa kuku.

Kwenye mboga, figiri, chainizi na sukuma huachia kalsiamu vizuri. Mchicha na spinachi zina nyingi kwenye vipimo, lakini oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mboga hizo, huifunga na sehemu kubwa inatoka chooni. Endelea kuzila, ila usizihesabu hapa.

Bila vitamini D utumbo hufyonza kidogo sana, na mtoto hupata matege hata kama anakunywa maziwa. Watoto wa nyanda za juu hufungwa sweta na kofia Juni hadi Agosti, halafu huanikwa saa moja asubuhi, wakati jua bado halina mionzi inayotengeneza vitamini hiyo. Angalia kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe, bado. Kuanzia kama saa nne, dakika 10 hadi 15, mikono na miguu wazi, bila kioo katikati, mara chache kwa wiki. Mwenye ualbino asifuate hili. Yeye aulize kituo cha afya kuhusu vidonge.

Magnesiamu nayo inahitajika ili ile homoni ya vitezi vya shingoni itoke; maharage na mbegu za maboga zinatosha.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti vimezwe na chakula, visizidi miligramu 500 kwa mara moja. Mjamzito asivichanganye na vya kuongeza damu: kimoja asubuhi, kingine jioni. Anayetumia antibiotiki za doksisaiklini au siprofloksasini avitenganishe na dawa kwa saa kadhaa, la sivyo dawa yenyewe haitafyonzwa.